Aliyefunga Haruki

Nimefundisha somo la kazi ya pamoja kwa miaka sita, na naomba nijisifu kidogo kabla sijaanza kujisema, maana baadaye nafasi hiyo haitakuwepo. Darasa langu lilikuwa zuri. Kampuni yetu ni ndogo, ina ndege tatu za viti kumi na viwili na marubani wasiojaza hata basi dogo, lakini kila mwaka wote hao walikuja Kilwa Masoko, kwenye chumba kilicho pembeni mwa kiwanja cha ndege, wakakaa siku mbili wakinisikiliza mimi, Kepteni Mudathiri, mzaliwa wa Kivinje, nikiwaeleza kwamba ndege haiangushwi na injini peke yake. Huangushwa pia na mtu aliyeona kosa akanyamaza.

Niliwafundisha hatua tatu. Ya kwanza, sema ulichoona, kwa maneno machache. Ya pili, kama mkubwa wako hakusikia, mwite kwa jina lake tupu, bila Kepteni wala mzee wala shikamoo, kisha rudia. Ya tatu, zuia. Shika usukani, zima injini, fanya lolote litakalosimamisha kosa hapo lilipo. Tuliigiza kwa viti viwili vya plastiki. Mimi nilijifanya rubani mkaidi, na nasikia niliiweza sana nafasi hiyo. Vijana walinifokea, wakacheka, wakajaza karatasi za maoni kwamba somo limewagusa, wakanywa soda, wakapewa cheti chenye picha ya ndege.

Jumatatu wakarudi kazini wakiwa walewale. Kijana aliyenipigia kelele darasani "Mudathiri, geuza ndege!" mpaka mate yakamruka, ndiye huyohuyo ambaye angani alianza na "Samahani Kepteni, sijui kama umeshaona, na mimi ni mdogo kwako, ila nilikuwa nafikiri labda..." Kabla hajafika kwenye jambo lenyewe, kijiji kizima kimeshapita chini yetu. Somo lilibaki darasani pamoja na maganda ya karanga. Nililaumu malezi yetu ya pwani, nikalaumu shule, nikawalaumu vijana wenyewe. Mwalimu sikumlaumu hata siku moja.

Mwaka huu nilipangwa kuruka na Lusia Eusebio, rubani msaidizi. Wazee wake ni Wamakonde walioteremka kutoka juu Newala wakahamia Mitwero, jirani na Lindi, na yeye amezaliwa hapohapo Mitwero, ukuta kwa ukuta na majirani Waislamu. Msichana mpole, mkono wake mtulivu kwenye usukani, na kila asubuhi lazima aseme "Shikamoo, Kepteni" kabla hajaweka begi chini. Mwezi wa pili ulipoanza, mkuu wa marubani wetu, Optatus, akaniletea fomu yake ya kupanda cheo. Mimi ndiye nitakayemruhusu kuwa kepteni au kumzuia.

Fomu ilikuwa na maswali thelathini. Ishirini na tisa niliyajibu kwa siku moja, yote vizuri. Moja lilinishinda, la ishirini na nne: je, huzungumza anapoona rubani mkuu anakosea? Sikuwahi kumsikia akinikosoa, lakini pia sikuwahi kukosea, au ndivyo nilivyojiona. Nikaliacha wazi. Fomu ilitakiwa irudi kwa Optatus kabla ya Idi. Ikirudi na jibu la "hapana", Lusia angesubiri mwaka mwingine, na mwaka uliopita alishakosa nafasi kwa kupungukiwa saa kumi tu za kuruka. Nilipomwambia kwamba nimebakiza swali moja, aliitikia kwa adabu, lakini niliona alivyomeza mate. Alikuwa akikitaka kiti cha kushoto, kiti cha kepteni, kuliko kitu chochote duniani.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani.

Kanuni ya kampuni yetu ni fupi: aliyefunga haruki. Anayetaka kufunga anapewa kazi ya mezani mwezi mzima, na akibadilisha nia akafungua, anakula, ananywa, anasubiri saa mbili, ndipo anashika ndege. Naijua kanuni hiyo kwa moyo kwa sababu niliiandika mimi. Nilisoma habari za marubani waliolegea kwa kiu, nikakaa na masheikh wawili wa Kilwa, nikaiandika kwa lugha ya heshima, na kila mwaka niliifundisha. Kila asubuhi rubani hujaza karatasi ndogo: umelala vya kutosha, umekunywa dawa yoyote, umefunga. Kwenye "umefunga" mimi niliweka "hapana", nikatia saini, huku tumbo langu likiwa na daku ya saa kumi alfajiri na si zaidi ya hapo. Nilikuwa natia saini uongo kila siku ili nipate kufunga vizuri.

Sababu niseme, maana haikuwa dini peke yake. Nina miaka sitini na moja. Miaka miwili ikipita wananivua mabega haya yenye mistari, na nimeshawaona wenzangu waliovuliwa, wanavyozunguka sokoni asubuhi wakiulizia bei ya samaki wasiyemnunua. Kukaa mezani mwezi mzima ilikuwa kama kuonjeshwa kustaafu. Sikutaka kuonja. Mke wangu, Biasha, aliniambia, "Baba Saida, msafiri ana ruhusa ya kula. Utalipa siku zako baadaye." Nikamjibu kwamba msafiri ni abiria, mimi niko kazini. Akaninyamazia, na Biasha akininyamazia ujue amenidharau.

Kwa hiyo nilijificha. Nilikubali kila kikombe cha kahawa nilichokaribishwa, nikakibeba mpaka nyuma ya gurudumu nikakimwaga mchangani. Nilijiona mjanja.

Ratiba yetu ilikuwa hivi: asubuhi tunatoka Masoko kwenda Dar, mchana tunarudi kwa kupitia kisiwani Songo Songo, tunateremka Lindi, jioni tunalala Masoko. Siku ya tisa ya mfungo tulikuwa Songo Songo saa sita na nusu mchana, jua limesimama, ndege imejaa, ndani kama tanuri la mkate. Lusia akasoma orodha ya kabla ya kuruka na mimi nikajibu. Alipofika kwenye flapsi, yale mabawa madogo ya nyuma yanayoisaidia ndege kuinuka mapema, nikajibu, "Tayari." Mdomo ulijibu. Mkono haukugusa kitu.

Tukaondoka. Mahali ambapo ndege huinuka, haikuinuka. Tukapita hapo, tukaendelea, nikaiona mikoko ya mwisho wa kiwanja ikikua, na nyuma yake bahari. Hapakuwa tena na nafasi ya kusimama. Nikavuta polepole, nikiomba kimoyomoyo, na magurudumu yakapita juu ya majani ya mikoko kwa kiasi ambacho sitaki kukikadiria. Nyuma abiria walikuwa wanapiga soga. Mmoja alilala.

Juu, nilipopeleka mkono kurudisha flapsi, nikakuta kishikio chake kiko sifuri. Hakikuwahi kushushwa. Jasho likanitoka la baridi kwenye joto lile. Nikamgeukia Lusia, naye alikuwa anakitazama kishikio kile.

"Uliona?" nikamuuliza.

Akairudisha orodha mahali pake.

"Samahani sana, Kepteni," akasema.

Basi nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Aliona, akaogopa, akanyamaza. Nikakasirika. Sikujikasirikia mimi niliyesahau, nilimkasirikia yeye. Cheti changu anacho, kimening'inia ukutani kwao Mitwero, hatua tatu anazijua, halafu ananiacha nipeleke roho za watu kwenye mikoko kwa adabu! Habari ya siku ile sikuiandika popote. Nilijiambia nitamtengeneza kwanza huyu binti, nitamtoa woga, kisha nitaandika yote pamoja. Ukweli ni kwamba ningeandika, wangeniuliza nilikula nini siku hiyo.

Kuanzia kesho yake nikaanza kumtegea makosa.

Nilifanya kwa uangalifu, makosa ya usalama, mahali ambapo ningeweza kuyarekebisha mwenyewe. Naweka mwelekeo wa digrii mia tatu na thelathini badala ya mia tatu na hamsini. Naacha taa ya bawa bila kuiwasha. Nasema tuna mafuta ya saa tatu wakati ni ya saa mbili na nusu. Lusia hakukosa hata moja. "Kepteni, mwelekeo ni mia tatu na hamsini." "Kepteni, taa." Maneno machache, bila samahani, kama nilivyofundisha. Moyo wangu ukajaa. Siku ya kumi na tisa, juu ya Kiswere, baada ya kunikamata mara mbili asubuhi ileile, nilishindwa kujizuia.

"Unaona?" nikamwambia. "Kumbe unaweza. Tatizo lilikuwa nini?"

Akatabasamu kidogo, macho mbele. "Kepteni, nikwambie?"

"Niambie."

"Ukitaka kukosea kwa makusudi, huwa unakohoa kwanza."

"Nakohoa?"

"Kikohozi kidogo tu. Halafu unanitazama pembeni. Kule darasani pia ulikuwa unakohoa. Wote tunajua."

Nilicheka mpaka machozi, na huku nacheka nilikuwa nimekasirika. Miaka sita! Miaka sita nafundisha watu kusikiliza kikohozi changu. Wamefaulu wote. Wanangoja nikohoe, wanaonyesha ushujaa, wanachukua cheti, kisha wanakwenda kukaa na makepteni wasiokohoa. Nikafikiri nimuulize tena habari ya Songo Songo, lakini alikuwa ameshageuza uso dirishani, kuelekea mawingu yanayojikusanya juu ya milima huko bara, na midomo yake ilikuwa imekauka hadi imepasuka. Nikadhani ni upepo.

Zilibaki siku kumi na moja za fomu. Nikazihesabu kwa hofu. Nikiandika "ndiyo", nampa kiti cha kushoto mtu ambaye sijui kama atasema. Nikiandika "hapana", namvunja binti kwa kosa lililoanzia mkononi mwangu. Siku zikayeyuka, fomu iko kwenye begi langu, na kila jioni baada ya kufuturu niliitoa, nikaitazama, nikairudisha.

Siku ya ishirini na sita tulitua Kikwetu, Lindi, saa saba na nusu mchana. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilisali mpaka karibu na daku, nikalala kwa muda wa saa moja na nusu tu. Abiria saba walikuwa wanasubiri kibarazani. Wakala wetu pale ni Kibwana, mtu wa makamo, mkimya, mchamungu asiye na makeke. Akaniletea karatasi ya uzito wa mizigo nijumlishe. Nikajumlisha nikapata jibu. Nikarudia nikapata jibu jingine. Mara ya tatu nikapata la tatu. Lusia akaichukua mkononi mwangu taratibu, akajumlisha, akamrudishia Kibwana.

Nikatoka kuizunguka ndege kuikagua kama kawaida. Nikarudi.

"Tayari," nikasema. "Waite abiria."

Lusia hakuondoka. "Upande wa kulia hujafika."

"Nimefika."

"Hujafika, Kepteni. Umesimama kwenye mkia, umeushika kama dakika nzima, halafu umerudi njia uliyokwenda nayo." Akapumua. "Na hukukohoa."

Nikajaribu kuukumbuka upande wa kulia. Sikuuona kichwani mwangu. Palikuwa peupe.

"Umefunga, Kepteni," akasema.

Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini Kibwana alikuwa hatua tano tu kutoka pale, na abiria wa mbele kibarazani akaacha kuongea na simu.

"Nani kakwambia?" nikamuuliza. "Na kama nimefunga, wewe inakuhusu nini? Mimi na Mola wangu tuna habari zetu. Waite abiria."

Alibadilika rangi. Nikamwona anatafuta kitu ndani yake. Kisha akanitazama usoni.

"Mudathiri," akasema. "Umefunga, na leo hufai kuruka. Mimi sipandi."

Sijui kama nitaweza kumweleza mtu asiye wa huku. Mama yangu mzazi hakuniita hivyo tangu nipate mtoto wa kwanza. Binti ambaye ningeweza kumzaa mwenyewe, mbele ya Kibwana, mbele ya watu wa Lindi wanaonijua tangu nina nywele nyeusi, ananiita jina tupu kama anamwita mbuzi. Nilitaka kumzaba kibao. Mungu anisamehe, na saumu yangu siku hiyo sijui kama ilikuwa imebaki ya kuvunjwa. Nikapiga hatua kuelekea mlango wa ndege, nikiwa na nia kamili ya kuondoka na abiria wangu bila yeye, jambo ambalo kanuni zinakataza na akili zinakataza.

Akanitangulia. Akapanda, akachukua kitabu cha ndege ambacho bila hicho hatuondoki, akashuka nacho, akakaa kwenye ngazi, akakikalia.

Hatua ya tatu. Niliijua nilipoiona. Hakuna aliyewahi kuigiza vile kwenye viti vyangu vya plastiki.

Tukabaki tunatazamana, mimi nimesimama juani, yeye amekalia kitabu. Hasira ikanitafutia la kusema, ikanipa lililo baya.

"Leo ndiyo umepata mdomo?" nikamwambia. "Mbona Songo Songo ulinyamaza? Uliona kishikio cha flapsi kiko sifuri ukaniacha niende. Leo kwa karatasi ya mizigo ndiyo unaniita jina!"

Machozi yakamtoka. Hakuyafuta.

"Sikunyamaza," akasema. "Songo Songo sikuona, Kepteni. Wallahi sikuona." Aliapa kiapo chetu, kama watoto wote wa Mitwero. "Nilisoma neno flapsi, nikasikia tayari, nikasoma la chini yake. Herufi zilikuwa zinaogelea. Nilikuwa na kiu."

"Kiu ya nini? Wewe umefunga?"

"Wewe ndiye uliyefunga. Nilijua tangu siku ya pili, kahawa nilikuona unamwaga. Umekaa bega kwa bega na mimi, mtu mzima, umefunga, mimi nitafungua chupa ya maji nigugumie mbele yako? Mama yangu akisikia atanilaza nje. Nakunywa asubuhi chumbani kwangu, nakunywa tena usiku. Mwezi mzima. Nikaogopa kukwambia sikuona, kwa sababu rubani asiyeona ni mbaya kuliko anayenyamaza. Na fomu unayo wewe."

Nikakaa chini. Nilikaa palepale kwenye lami, kivulini mwa bawa, na suruali yangu nyeupe.

Nilifikiri habari za siku zote zile. Mimi naficha saumu ili nisiitwe mzee. Yeye anaficha kiu ili asiitwe hana adabu. Tumekaa kwenye chumba kisichozidi meza ya kulia chakula, tunajibizana orodha kwa sauti za heshima, wote wawili macho yamekauka, na nyuma yetu watu wanalala kwa amani wakijua mbele kuna marubani wawili. Hawakuwa na hata mmoja. Halafu mimi natega makosa asubuhi, wakati binti ametoka kunywa maji chumbani kwake, ninajisifu kwamba anapona woga. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

"Ukitaka kuendelea na funga yako, endelea," Lusia akasema, sasa kwa upole. "Mungu akupokelee. Tutalala Lindi, kesho watatuma mwingine. Abiria nitawaambia mimi."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba rubani amefunga."

Hakuwa ananitisha. Ndiyo hali ilivyokuwa. Nikawatazama wale saba kibarazani, wengi wao wamefunga pia, mmoja ameshika kapu lenye jogoo. Kivinje mimi nimesoma madrasa, baba yangu aliadhini miaka ishirini, na katika umri wangu wote hakuna aliyeniona natia kitu mdomoni mchana wa Ramadhani. Ruhusa Mwenyezi Mungu alishanipa zamani, kwa kila msafiri, wazi kabisa. Niliyeikataa ni mimi, na sikuikataa kwa ajili Yake.

"Kibwana," nikaita. "Niletee maji. Na kama kuna kitu cha kula."

Kibwana akaingia ofisini, akatoka na chupa mbili za maji na ndizi zilizopikwa, alizobakiza mtoto wa mfagiaji, zimepoa, kwenye bakuli. Akaziweka karibu yangu bila kunitazama usoni, si kwa kunidharau, kwa kunisitiri. "Wewe ni msafiri, Kepteni," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akaenda kuwaambia abiria kwamba tutachelewa saa mbili, akasimama mbele yao upande ule ambao mgongo wake uliwazuia wasinione. Mgongo wa Kibwana si mpana. Waliniona.

Nikapiga bismillahi, nikanywa. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na koo lilikataa, kisha likakubali, na nikayasikia yakishuka mpaka tumboni. Nililia kidogo. Chupa ya pili nikampa Lusia.

Akaangalia kibarazani. Akaniangalia mimi. Alikuwa bado anasita, na chupa iko mkononi!

"Lusia," nikamwambia, "kunywa kabla sijakuita jina la mama yako."

Akacheka, machozi bado yako shavuni, akanywa chupa yote bila kupumzika.

Tulikaa pale saa mbili, tukala ndizi zote, tukaikagua ndege pamoja, upande wa kulia mara mbili. Saa kumi kasoro tukaondoka. Safari ilikuwa ya kawaida na sina la kuieleza. Tulipotua Masoko sikusubiri futari. Nilimpigia Optatus, nikamwambia kwamba nimeruka siku ishirini na sita nikiwa nimefunga, nimetia saini uongo mara ishirini na sita, na Songo Songo nilikaribia kuua watu. Optatus nilimfundisha mimi kuruka.

"Kepteni," akasema, "unajua nitalazimika kukushusha."

"Najua. Kanuni niliandika mimi."

"Ni mpaka uchunguzi uishe. Labda miezi miwili. Labda..." Hakumalizia, na sikumwomba amalizie. Miezi miwili kwa mtu aliyebakiza miaka miwili si kidogo, na kama wangeamua iwe zaidi, wangekuwa na haki. Nikamwambia fomu ya Lusia ataipata usiku huohuo. Kwenye swali la ishirini na nne niliweka "ndiyo", na pembeni, kwenye nafasi ya maoni, nikaandika: "Leo amenizuia kuruka. Alikuwa sahihi, mimi nilikuwa nimekosea." Nikatia saini, na saini hiyo ilikuwa ya kweli.

Basi nikakalishwa mezani. Nilikuwa nimeiogopa meza hiyo mwezi mzima. Siku tatu za mwisho nilifunga nikiwa chini, kwenye chumba kilekile cha darasa langu, najaza karatasi za mizigo, nasikia injini ikiwashwa na mtu mwingine. Iliniuma. Sitadanganya kwamba haikuniuma.

Siku ya mwisho ya mfungo, asubuhi, Lusia aliingia kuchukua karatasi zake. Alikuwa anaruka na kepteni mwingine, na barua yake ya kupanda cheo ilikuwa imeshafika.

"Shikamoo, Kepteni."

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

"Nimelala."

Alijua nimefunga. Safari hii ilikuwa imeandikwa wazi kwenye ubao wa zamu, kwa mwandiko wangu. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akatoa kwenye begi chupa kubwa ya lita moja na nusu, akaifungua, akanywa taratibu mpaka ikafika nusu, koo lake linapanda na kushuka, macho yake hayakuacha kunitazama. Akafuta mdomo kwa kiganja. Kisha akachukua karatasi zake, akaniaga, akaenda kuruka.